Kubaki, Kutoka Nusu au Kutoka Kabisa: Njia za Uingereza na Umoja wa Ulaya Zikiwekwa Bega kwa Bega

Karatasi ya kura ya tarehe 23 Juni 2016 ilikuwa na swali moja na visanduku viwili: Uingereza ibaki mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au itoke. Waliotaka itoke walikuwa milioni 17.4, yaani asilimia 51.9 ya kura halali. Waliotaka ibaki walikuwa milioni 16.1, yaani asilimia 48.1. Kisanduku cha kwanza kilisimamia hali ambayo nchi nzima iliijua, kwa mazuri na maudhi yake, tangu ilipojiunga na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya Januari 1973. Kisanduku cha pili hakikusimamia hali yoyote mahususi, kwa maana nchi inaweza kutoka katika umoja huo kwa njia kadhaa zilizo mbalimbali mno, na karatasi haikutaja hata moja kati yake.

Hapo ndipo mabishano yalipopotea njia, na kwa maoni yangu hayajairudia mpaka leo. Mtetezi wa kubaki aliichukua njia mbaya kuliko zote za kutoka akailinganisha na uanachama. Mtetezi wa kutoka naye aliuchukua uanachama pamoja na kero zake zote akaulinganisha na "nje" isiyo na sura, ambayo kila msikilizaji aliweza kuijaza matumaini yake mwenyewe. Msomaji anayetaka kujua ni upande upi wenye hoja nzito zaidi, ama kwa sababu anaishi Uingereza na huenda akaulizwa tena, ama kwa sababu anafuatilia tu mzozo huo, atasaidika zaidi akiziweka njia zenyewe bega kwa bega na kuipima kila moja kwa kipimo kilekile.

Orodha ya njia hizo si siri. Desemba 2017 Michel Barnier, aliyekuwa msuluhishi mkuu wa Umoja wa Ulaya, aliwaonyesha viongozi wa nchi wanachama mchoro wa ngazi. Juu kabisa ulikuwapo uanachama. Kidato kilichofuata kilikuwa cha Norwe na wenzake, kisha Uswisi, Ukraine, Uturuki, halafu Kanada na Korea Kusini, na mwisho wa ngazi ni kuondoka bila mkataba wowote. Kando ya kila kidato iliandikwa sababu iliyoifanya Uingereza ikikatae, kwa kufuata masharti ambayo Waziri Mkuu Theresa May aliyatangaza Januari mwaka huohuo: kutoka katika soko la pamoja, ambamo bidhaa, huduma, fedha na watu huvuka mipaka kwa kanuni zilezile, kutoka katika umoja wa forodha, na kutokuwa tena chini ya Mahakama ya Haki ya Ulaya. Ukishuka na masharti hayo matatu unajikuta umefika Kanada, kwa sababu hakuna kidato kingine kinachoyapokea yote. Mchoro ule ulikuwa wa ukurasa mmoja, lakini ulieleza zaidi ya hotuba nyingi za kampeni.

Vipimo vyangu ni vinne: nani anaandika sheria, bidhaa na huduma zinavukaje mpaka, watu wana haki gani ya kwenda kuishi na kufanya kazi ng'ambo, na nini kinatokea Ireland. Michango ya uanachama nimeiweka kando kwa makusudi, ingawa ndiyo iliyopigiwa kelele nyingi kuliko yote. Basi jekundu la kampeni ya kutoka lilibeba maandishi kwamba Uingereza inapeleka Brussels, yaani makao makuu ya Umoja wa Ulaya, pauni milioni 350 kila wiki, na Mamlaka ya Takwimu ya nchi hiyo ikasema hadharani kwamba namna kiasi hicho kilivyotumiwa inapotosha, kwa kuwa hakikuondoa punguzo ambalo Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa wakati ule, alilipata mwaka 1984 wala fedha zilizorudi kwa wakulima na mikoa. Ukiondoa hayo yote, kilichobaki kilikuwa karibu na nusu yake. Upande wa pili, Wizara ya Fedha ilidai kwamba kila kaya ingepungukiwa na pauni 4,300 ifikapo mwaka 2030, hesabu iliyopatikana kwa kugawa makadirio ya pato la taifa kwa idadi ya kaya, jambo ambalo si sawa na kipato kinachotoka mfukoni mwa mtu. Wizara hiyohiyo ilitabiri kwamba uchumi ungedorora mara tu baada ya kura, na haukudorora. Mchango halisi wa uanachama ulikuwa chini ya asilimia 1 ya pato la taifa, kwa hiyo mtu anayechagua njia kwa kuangalia mchango peke yake anaangalia kitu kidogo kuliko vyote vilivyo mezani.

Kubaki

Uanachama aliokuwa nao Mwingereza mwaka 2016 haukuwa uanachama wa kawaida. Nchi haikutumia sarafu ya euro, haikuwa katika eneo la Schengen ambamo watu huvuka mipaka bila kuonyesha pasipoti, na ilikuwa na lile punguzo la mchango. Februari 2016 Waziri Mkuu David Cameron aliongeza makubaliano mengine, yakiwamo ya kuzuia kwa muda baadhi ya posho kwa wafanyakazi wapya kutoka nchi wanachama, ingawa wapiga kura wengi waliyaona kuwa madogo na hayakubadili mkondo wa kampeni.

Kwa kipimo cha biashara, njia hii haina mshindani. Zaidi ya asilimia 40 ya mauzo ya nje ya Uingereza yalikwenda kwa wanachama wenzake, na bidhaa ilitoka kiwandani Sunderland ikafika Rotterdam bila fomu ya forodha, bila cheti cha daktari wa mifugo, bila mtu kuuliza imetengenezwa wapi. Benki iliyosajiliwa London iliweza kuhudumia wateja wa Madrid kwa leseni hiyohiyo moja, na hilo si dogo katika nchi ambayo huduma ni takriban asilimia 80 ya uchumi wake.

Kwa kipimo cha sheria, mtetezi wa kutoka ana hoja ya kweli ambayo wapinzani wake walikosea kuidharau. Uingereza ilikuwa na kiti na kura, lakini katika mambo mengi uamuzi ulipitishwa kwa wingi wa kura za nchi, si kwa ridhaa ya kila mmoja, na sheria ikishapita ilishinda sheria ya Bunge la Westminster. Mtu anayeamini kwamba aliyemchagua ndiye peke yake anayestahili kumtungia sheria, na ambaye yuko tayari kulipa gharama ya kiuchumi kwa ajili ya imani hiyo, hadanganyiki. Anachagua tu kipimo tofauti. Sunderland yenyewe, mji wenye kiwanda cha Nissan kinachotegemea soko la Ulaya, ilipiga kura ya kutoka kwa asilimia 61. Walioshangazwa na matokeo hayo usiku ule walidhani kwamba kila mtu hupima kwa mshahara.

Kipimo cha watu ndicho kilichoamua mengi. Nchi 10 zilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, ni Uingereza, Ireland na Sweden tu zilizowafungulia wafanyakazi wa nchi hizo soko la ajira mara moja. Wengine waliweka kipindi cha mpito. Uamuzi huo ulikuwa wa serikali ya London, haukutoka Brussels, lakini mji kama Boston katika jimbo la Lincolnshire, uliobadilika haraka kwa ujio wa vibarua wa mashambani, ulipiga kura ya kutoka kwa asilimia 75.6, kiwango cha juu kuliko kwingine kote. Mtu akitaka kubaki ni lazima akubali kwamba mwananchi wa nchi yoyote mwanachama ana haki ya kuja kufanya kazi, na Mwingereza ana haki hiyohiyo kwao. Huwezi kuchukua nusu yake.

Njia ya Norwe

Wananchi wa Norwe walikataa kujiunga mara mbili, mwaka 1972 na mwaka 1994, mara ya pili kwa asilimia 52.2. Pamoja na hayo nchi yao imo katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya tangu Januari 1994, maana yake imo ndani ya soko la pamoja, inawapokea wafanyakazi wa nchi wanachama, inachangia fedha, na inaingiza katika sheria zake kanuni za soko hilo. Kilimo na uvuvi vimeachwa nje, na hilo ndilo lililowaridhisha wavuvi wa kaskazini. Umoja wa forodha nao haumo, na ndiyo sababu lori lenye mzigo wa biashara linalotoka Sweden husimama kwenye kivuko cha mpakani cha Svinesund kutoa karatasi zake za forodha, ingawa dereva wa gari dogo hupita bila kusimama.

Njia hii inapendwa na wachumi na kuchukiwa na wanasiasa, na wote wawili wana sababu. Inahifadhi karibu biashara yote ya huduma na sehemu kubwa ya biashara ya bidhaa. Lakini Norwe haina kura pale kanuni zinapopitishwa. Inayo haki ya kukataa kanuni fulani, na mwaka 2011 serikali yake ilitangaza kwamba ingeitumia dhidi ya agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu huduma za posta. Serikali iliyoingia mwaka 2013 ikaliondoa pingamizi hilo, kwa sababu kukataa kanuni moja kunaiweka hatarini sehemu nzima ya mkataba inayohusiana nayo. Haki ipo kwenye karatasi. Kuitumia ni ghali.

Kwa nchi ya watu milioni 5 na ushei ambayo kwa vyovyote isingekuwa na sauti kubwa Brussels, hasara hiyo inavumilika. Kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 65, yenye kituo kikubwa cha fedha ambacho kanuni zake zingekuwa zinaandikwa na mahasimu wake wa kibiashara, naona ingekuwa vigumu kuidumisha kwa zaidi ya uchaguzi mmoja au miwili. Aliyepiga kura ya kutoka kwa ajili ya sheria angejiona ametapeliwa, na aliyepiga kwa ajili ya uhamiaji angejiona ametapeliwa zaidi, kwa kuwa haki ya watu kuingia inabaki palepale. Njia ya Norwe inamfaa anayetaka kutoka katika siasa za Ulaya lakini haoni tatizo na uchumi wake wala na watu wake. Watu wa namna hiyo walikuwapo mwaka 2016, lakini hawakuwa wengi.

Uswisi inatajwa mara nyingi pamoja na Norwe, nayo nitaipita haraka. Wananchi wake walilikataa Eneo la Kiuchumi la Ulaya Desemba 1992 kwa asilimia 50.3, na tangu hapo uhusiano umejengwa kwa mikataba zaidi ya 100, mmoja baada ya mwingine. Brussels yenyewe imechoshwa na mpangilio huo na haikuwa na nia ya kuurudia kwa nchi nyingine.

Umoja wa forodha peke yake

Hapa ndipo Bunge lilipokaribia kukubaliana kuliko mahali pengine popote. Tarehe 1 Aprili 2019 wabunge walipigia kura mapendekezo manne, hakuna hata moja lililopita, na pendekezo la mbunge mkongwe Kenneth Clarke la kuwa na umoja wa forodha wa kudumu lilishindwa kwa kura 276 dhidi ya 273. Wabunge wawili wangebadili upande, pendekezo lingepita.

Umoja wa forodha maana yake ni kwamba nchi zote zilizomo zinatoza ushuru mmoja kwa bidhaa za kutoka nje, na kati yao wenyewe hazitozi. Faida yake inaonekana vizuri katika kitu kidogo. Chukua fulana iliyoshonwa China, ikaingia katika bandari ya Felixstowe, ikalipiwa ushuru wa asilimia 12, ikakaa katika ghala la Uingereza, kisha ikauzwa kwa mteja aliyeko Dublin. Ndani ya umoja wa forodha safari ya pili haina ushuru, kwa sababu ushuru wa pamoja umeshalipwa. Nje ya umoja huo, hata kama kuna mkataba wa biashara unaosema ushuru ni sifuri, fulana ile inalipiwa asilimia 12 kwa mara ya pili, kwa kuwa sifuri ni ya bidhaa zenye asili ya Uingereza tu, na kukaa ghalani hakuibadilishi asili. Wauzaji wengi wa mtandaoni waliligundua hilo Januari 2021, pale wateja wao wa Ireland walipodaiwa fedha mlangoni.

Mfano ulio hai ni Uturuki, iliyo katika umoja wa forodha wa bidhaa za viwandani tangu mwisho wa mwaka 1995, bila soko la pamoja na bila haki ya watu kuhama. Kasoro yake ni ya kisiasa. Umoja wa Ulaya ukitia saini mkataba na nchi ya tatu, bidhaa za nchi hiyo zinapata mlango wa kuingilia Uturuki, ilhali bidhaa za Uturuki hazipati moja kwa moja mlango wa kuingilia huko. Uingereza ingekuwa katika hali hiyohiyo, au ingelazimika kudai kiti katika mazungumzo, na ni shida kuamini kwamba ingepewa. Isitoshe, umoja wa forodha hauondoi ukaguzi wa nyama, maziwa na mimea, wala haugusi huduma. Kwa mwenye kiwanda ni njia nzuri. Kwa benki haina maana.

Ninavyoona mimi, hii ndiyo njia iliyostahili kujadiliwa zaidi kuliko ilivyojadiliwa, kwa kuwa ilimaliza haki ya kuhama bila masharti, kama walio wengi walivyotaka, na bado ikakinga viwanda. Iliuawa na ndoto ya mikataba mipya ya biashara na dunia nzima, ambayo isingewezekana ndani yake. Mikataba hiyo imekuja kweli: na Australia, na nchi za Pasifiki ambazo Uingereza ilijiunga nazo Desemba 2024, na India iliyotiwa saini Julai 2025. Lakini makadirio ya serikali yenyewe yaliupa ule wa Pasifiki ongezeko la chini ya asilimia 0.1 ya pato la taifa kwa muda mrefu.

Njia ya Kanada, yaani iliyofuatwa

Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, kipindi cha mpito kikaisha mwisho wa mwaka huo, na Mkataba wa Biashara na Ushirikiano ukafikiwa tarehe 24 Desemba 2020, siku saba kabla ya muda kwisha. Ni mkataba wa jamii ya ule wa Kanada: hakuna ushuru wala viwango vya ukomo kwa bidhaa zenye asili ya pande mbili, lakini forodha ipo, ukaguzi upo, na huduma zimeguswa kwa juujuu tu.

Uhuru uliopatikana ni wa kweli, na haufai kubezwa. Januari 2021 kodi ya ongezeko la thamani kwa taulo za kike ilifutwa, jambo ambalo kanuni za Ulaya za wakati ule hazikuruhusu. Sheria ya mwaka 2023 iliruhusu England kilimo cha mazao yaliyohaririwa jeni. Aprili 2025, Marekani ilipotangaza ushuru mpya, bidhaa za Uingereza ziliwekewa asilimia 10 na za Umoja wa Ulaya asilimia 20, ambazo baadaye zilishushwa hadi 15. Mfano unaotajwa zaidi, ule wa chanjo ya korona iliyoidhinishwa London tarehe 2 Desemba 2020 kabla ya nchi nyingine za Ulaya, ndio dhaifu kuliko yote, kwa sababu siku hiyo sheria ya Ulaya ilikuwa bado inatumika Uingereza na ndiyo iliyoruhusu idhini ya dharura.

Hata hivyo, uhuru huo umetumika kidogo kuliko ulivyoahidiwa. Serikali ilikusudia kuzifuta sheria zote zilizorithiwa kutoka Ulaya ambazo zisingehifadhiwa kwa uamuzi maalumu ifikapo mwisho wa mwaka 2023. Mei mwaka huo ikabadili nia na kutaja takriban 600 tu, nyingi zikiwa zimekwisha kupitwa na wakati. Wenye viwanda ndio waliokuwa wa kwanza kusema kwamba hawataki kanuni mbili kwa bidhaa moja.

Gharama nazo zimejulikana. Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti, chombo huru kinachotabiri uchumi kwa niaba ya serikali, inachukulia kwamba tija ya nchi kwa muda mrefu itakuwa pungufu kwa asilimia 4 kuliko ingekuwa ndani ya umoja. Hilo ni kadirio, na wapo wachumi wanaolipinga, lakini mambo yaliyo chini yake yanaonekana kwa macho. Wafugaji wa kome na chaza katika maji yasiyo ya daraja la kwanza waliambiwa Januari 2021 kwamba hawawezi tena kuwapeleka Ulaya wakiwa hai bila kuwasafisha kwanza, kwa kuwa kanuni inayoruhusu hivyo ni ya wanachama peke yao. Ilikuwa kanuni ambayo Uingereza yenyewe ilishiriki kuiandika. Wavuvi wa samaki, walioahidiwa bahari yao yote, walipata robo ya mgawo wa meli za Ulaya, iliyoingizwa hatua kwa hatua hadi mwaka 2026, na Mei 2025 meli hizo zikaongezewa muda wa kuvua hadi mwaka 2038.

Na watu? Haki ya kuhama ilikwisha, mfumo wa kuwachagua wahamiaji kwa alama ukaanza Januari 2021, na zaidi ya raia milioni 5 wa Ulaya waliokwisha kuwapo wakapewa ruhusa ya kubaki. Lakini idadi ya wahamiaji haikushuka. Ukiwatoa waliohama kutoka kwa waliohamia, katika mwaka ulioishia Juni 2023 walibaki watu zaidi ya 900,000, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa wakati wa uanachama, safari hii wakitoka hasa nje ya Ulaya. Baada ya masharti kukazwa idadi ikashuka sana. Yaani serikali ilipata kweli mamlaka ya kuamua, na iliyatumia kufungua mlango. Mpiga kura aliyetaka mamlaka hana sababu ya kulalamika. Aliyetaka idadi ndogo anayo, ila lawama ipelekwe London.

Kuondoka bila mkataba halihitaji maneno mengi. Magari yangetozwa asilimia 10 kuingia Ulaya chini ya kanuni za Shirika la Biashara Duniani, nyama ya kondoo zaidi ya hapo kwa mbali, na nyaraka za serikali zilizotolewa Septemba 2019 zilionya kwamba malori yangeweza kusubiri kwa siku 2 na nusu kabla ya kuvuka kwenda Ufaransa. Iliuzwa kama silaha ya mazungumzo, na thamani yake iliishia hapo.

Mpaka ambao kila njia inaugonga

Kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini kuna mpaka wa takriban kilomita 500 wenye vivuko zaidi ya 200, vingine ni barabara za mashambani zinazoingia na kutoka mara mbili tatu kabla ya kufika kijiji kinachofuata. Tangu Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 1998, uliomaliza miongo mitatu ya mauaji, hakuna kituo cha ukaguzi kilichobaki. Sasa jaribu kila njia hapo. Uanachama haudai kituo. Norwe inadai forodha, kama pale Svinesund. Umoja wa forodha peke yake unadai ukaguzi wa vyakula. Kanada inadai vyote viwili. Njia pekee ya kutoka isiyodai kitu ni kuchukua soko la pamoja na umoja wa forodha kwa pamoja, na nchi inayofanya hivyo imebaki na wajibu wote wa mwanachama isipokuwa kiti chake.

May alijaribu kulikwepa hilo kwa kuiweka Uingereza yote ndani ya forodha ya pamoja hadi suluhisho lipatikane, na Bunge likamkatalia Januari 2019 kwa kura 432 dhidi ya 202, kipigo kikubwa kuliko chochote katika historia ya sasa ya Bunge hilo. Mrithi wake, Boris Johnson, alichagua kuuhamishia mpaka baharini: Ireland Kaskazini inafuata kanuni za Ulaya kwa bidhaa, na ukaguzi unafanyika katika bandari kati yake na kisiwa kikubwa. Ndiyo sababu pakiti ya nyama inayotoka England kwenda Belfast hubeba lebo inayosema kwamba haiendi Umoja wa Ulaya, chini ya Mpango wa Windsor wa Februari 2023 uliopunguza karatasi kwa wafanyabiashara walioaminiwa. Chama cha DUP, kinachotetea muungano na London, kilisusia serikali ya jimbo kwa miaka miwili, kuanzia Februari 2022, kwa hasira hiyo. Nawaelewa: walikuwa wameunga mkono kutoka, na njia iliyochaguliwa ikawatenga wao. Ireland Kaskazini yenyewe ilipiga kura ya kubaki kwa asilimia 55.8, na Uskoti kwa asilimia 62, na hakuna njia ya kutoka iliyobuniwa kwa kuwasikiliza hao.

Kuchagua

Kama kipimo chako cha kwanza ni biashara, hasa ya huduma, basi uanachama unashinda, Norwe inafuata, na pengo kati ya Norwe na vingine ni kubwa kuliko lile kati ya uanachama na Norwe. Kama ni sheria kutungwa na uliyemchagua, basi Kanada ndiyo njia ya uaminifu, na usikubali kuuziwa Norwe kwa jina hilo. Kama ni uhamiaji, zote kuanzia Uturuki kushuka zinakupa mamlaka, ila hakuna inayokupa idadi. Kama ni amani ya Ireland, uanachama ndio uliofanya kazi bila lebo wala lango, na kila njia nyingine ni ya kupunguza madhara. Mimi binafsi naliweka la Ireland juu kuliko walivyoliweka waliopiga kampeni mwaka 2016, ambao wengi wao hawakulitaja kabisa, na kwa hiyo nisingeichagua Kanada.

Lakini kulinganisha leo si sawa na kulinganisha mwaka 2016, na hapa wanaotaka kurudi wanapaswa kuwa waangalifu wasije wakafanya kosa lilelile la kuuza jambo lisilo na sura. Kura za maoni za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba wanaoona kutoka kulikuwa kosa ni wengi kuliko wanaoona kulikuwa sahihi. Hata hivyo uanachama wa zamani haupo tena kabatini ukisubiri kuchukuliwa. Nchi inayoomba kuingia hupita Kifungu cha 49 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya, na kila mwanachama kati ya 27 lazima aridhie. Punguzo la Thatcher limekwenda. Nchi mpya huahidi kuchukua euro, ingawa Sweden, iliyojiunga mwaka 1995 na ambayo wananchi wake waliikataa sarafu hiyo Septemba 2003, imeonyesha kwamba ahadi hiyo inaweza kukaa bila tarehe. Uvuvi utarudi mezani siku ya kwanza.

Kati ya hapo na hali ya sasa kuna kile ambacho serikali ya Keir Starmer ilikianza katika mkutano wa tarehe 19 Mei 2025: makubaliano ya vyakula na mimea ambayo Uingereza itafuata kanuni za Ulaya zinavyobadilika, ili vyeti na ukaguzi wa mpakani vipungue, kukiwamo kule kwa bidhaa zinazokwenda Belfast. Ni kipande cha Norwe kilichobandikwa juu ya Kanada. Mwenye kukitetea na aseme wazi kwamba katika eneo hilo nchi itapokea sheria isizozipigia kura, na mwenye kukipinga na aseme ni nani atakayelipia cheti cha kila shehena ya jibini kama kipande hicho hakitakuwapo.